Barua ya Wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Dar es Salaam Kuhusu Uamuzi wa Mashindano ya Maigizo

Ndugu Afisa Utamaduni,

Yah: Namna alama zinavyotolewa na kujumlishwa katika mashindano ya maigizo

Nakuandikia nikiwa mwongozaji wa kikundi cha maigizo cha vijana huku Mbagala, na naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa vikundi vingi ambavyo havina njia ya kufika ofisini kwako. Sina shindano mahsusi ninalolilalamikia, wala siombi matokeo ya mwaka wowote yafutwe. Kombe lililokwisha kukabidhiwa na mgeni rasmi libaki lilipo. Ninachoomba ni ofisi yako iandae mwongozo mmoja wa kuamua mashindano ya maigizo katika mkoa wetu, utakaotumiwa na yeyote anayeandaa shindano, iwe ni shule, kata, asasi au mfadhili, na kiini cha mwongozo huo kiwe karatasi ya alama: nini kinapewa alama, alama hizo zinajumlishwaje, na nani ana haki ya kuziona.

Naanza na kujumlisha, kwa kuwa matokeo yanapotangazwa na nusu ya ukumbi ikaguna kwamba washindi wamebebwa, kila mtu hufikiria rushwa au undugu, na hakuna anayefikiria hesabu. Tuchukue majaji watatu na vikundi viwili. Jaji wa kwanza anakipa kikundi cha kwanza alama 78 na cha pili 75. Jaji wa pili anatoa 74 na 71. Jaji wa tatu, ambaye kwa tabia yake hutawanya alama, anakipa kikundi cha kwanza 55 na cha pili 80. Ukijumlisha kama inavyozoeleka, kikundi cha kwanza kina 207 na cha pili 226, kwa hiyo cha pili kinachukua kombe, ilhali majaji wawili kati ya watatu waliona kwamba cha kwanza ndicho bora. Hakuna aliyehongwa hapo, na huenda jaji huyo wa tatu ndiye mwaminifu kuliko wote. Ila kwa kuwa anatumia ngazi pana ya alama kuliko wenzake, kura yake imegeuka kuwa nzito kuliko za wale wawili zikiwekwa pamoja. Jaji mwenye hila akiijua siri hii hahitaji kumshawishi mwenzake yeyote, kwa sababu anaweza kuliamua shindano zima peke yake kwa kukiangusha kikundi kimoja tu.

Dawa yake si ngumu. Alama za kila jaji zigeuzwe kwanza kuwa nafasi, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea, kisha zijumlishwe nafasi hizo badala ya alama zenyewe. Katika mfano wangu kikundi cha kwanza kingepata jumla ya 4 na cha pili 5, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Nafahamu kwamba njia hii nayo ina udhaifu, kwani inafuta tofauti kati ya kikundi kilichoshinda kwa mbali na kilichoponea chupuchupu, na vikundi vikiwa vichache sare huwa nyingi. Ndiyo maana napendekeza jopo liwe la majaji watano pale fedha zinaporuhusu, na kigezo cha kuvunja sare kitajwe kabla ya shindano kuanza. Mimi ningechagua uigizaji, kwa kuwa ndicho kitu ambacho kikundi hakiwezi kukodi.

Hilo la kukodi nalipitia haraka tu, kwa sababu kila mwenye macho analiona. Maleba yaliyoshonwa kwa fundi na taa za kukodi vikipewa sehemu kubwa ya alama, tunakuwa tunashindanisha mifuko. Alama za maleba na mandhari zitolewe kwa kuangalia kama vinaendana na igizo, bila kujali gharama yake, na vikundi vyote vitumie vyombo vilevile vya sauti na mwanga.

Jambo linaloniuma zaidi ni kigezo kinachoitwa ujumbe. Katika karatasi nyingi nilizowahi kuziona kina alama sawa na uigizaji, na pengine zaidi. Naelewa kilikotoka: kwa miaka mingi sanaa shirikishi imetumika nchini kuelimisha wananchi juu ya afya, elimu na haki za watoto, na wafadhili wa mashindano wana haki ya kutaka mada yao isikike. Lakini angalia kinachotokea jukwaani. Kikundi kinachojua kwamba ujumbe una alama nyingi humaliza igizo kwa mhusika mmoja, mara nyingi daktari au mjumbe wa nyumba kumi, kusogea mbele na kuwahutubia watazamaji mambo yote waliyokwisha kuyaona kwa macho yao dakika chache zilizopita. Kikundi kilichoamini kwamba watazamaji wana akili, kikawaachia swali waende nalo nyumbani, kinaandikiwa kwamba ujumbe haukuwa wazi. Tumewafundisha vijana kuhubiri kisha tunashangaa kwamba hawajui kuigiza.

Najiuliza mara nyingi tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ingepata ngapi kwa karatasi hizo. Maji hayazuii risasi, watu wanakufa, na bado mwisho wake Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yale yalikuwa uongo. Je, ujumbe hapo ni upi? Watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50, na ubishi huo ndio unaoifanya iendelee kusomwa na kuigizwa. Naomba kigezo hicho kiandikwe upya, jaji asiulizwe kama ujumbe umetajwa, bali kama hadithi, vitendo na mazungumzo vinaibeba mada yenyewe bila mtu kuitangaza.

Utamkaji nao unahitaji mstari mmoja ulio wazi. Kusikika na kueleweka hadi viti vya nyuma ni stadi ya jukwaani na inastahili alama. Lafudhi ya mtu aliyekulia Musoma au Newala si kosa la jukwaani, na jaji aliyeizoea lafudhi ya Pwani asiikate alama.

Juu ya mpangilio wa kupanda jukwaani, sote tunajua kwamba kupiga kura kunaondoa upendeleo wa mwandaaji. Hakuondoi upendeleo wa zamu yenyewe. Watafiti waliochunguza shindano maarufu la muziki la Queen Elisabeth huko Ubelgiji, ambako wapiga piano na fidla hupangiwa zamu kwa kura, waligundua kwamba waliopiga siku za mwisho walielekea kupata nafasi bora kuliko wa mwanzo, ingawa bahati nasibu haimjui hodari wala mzembe. Sababu haihitaji msomi kuieleza: jaji anayemwona wa kwanza hana cha kumlinganisha naye, hivyo hubana alama akisubiri watakaofuata. Kwetu hapa linaongezeka jua. Kikundi cha saa nane mchana katika uwanja wa shule huigiza mbele ya watazamaji waliokimbilia kivuli cha miembe, na cha magharibi hupata umati na upepo. Ningependa kila shindano lifunguliwe na kikundi kisichoshindana, ambacho majaji watakipa alama za majaribio na kuzijadili pamoja ili wakubaliane 60 inafananaje na 80 inafananaje, ndipo washindani waitwe. Majadiliano hayo yaishie hapo; shindano likishaanza kila jaji aandike peke yake, na karatasi zikusanywe kila igizo linapokwisha, kabla makofi ya mashabiki hayajamfanya mtu abadili namba.

Kuhusu majaji wenyewe, siamini kwamba tuna uhaba wao. Idara inayofundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na taasisi ya TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, zimetoa wahitimu wa miaka mingi, na wengi wao wanaishi mkoani humu. Ugumu ni kwamba walewale wanaofaa kuamua ndio wanaofundisha vikundi, hivyo kila jaji ajaze tamko la kikundi alichowahi kukifundisha au chenye ndugu yake, na asitoe alama kikipanda. Waathene wa kale walikuwa na hofu hiyohiyo. Katika mashindano yao ya tamthilia walipiga kura kupata majaji kumi, mmoja kutoka kila kabila la mji, na baada ya wote kuandika uamuzi wao zikachomolewa kura tano tu za kuhesabiwa, ili anayetaka kuhonga asijue amhonge nani. Sisemi tuige hilo lote, ila napenda namna walivyokubali kwamba kishawishi kipo wakaujenga utaratibu wao juu ya ukweli huo, tofauti na sisi tunaoridhika kumwapisha jaji kwa maneno.

La mwisho ndilo la gharama ndogo kuliko yote. Karatasi za alama zibandikwe siku hiyohiyo, zikionyesha kila jaji alitoa nini, hata kama majina yatafichwa kwa herufi, na kila kikundi kipewe maelezo ya maandishi yasiyopungua aya moja kutoka kwa jopo. Baadhi ya waandaaji huniambia kwamba kufanya hivyo kutazua fujo. Uzoefu wangu ni kwamba fujo huzuka pale mshehereshaji anapotaja jina la mshindi na kushuka jukwaani, kwa sababu hapo kila mmoja hubaki huru kujitungia maelezo yake. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu baada ya kibarua anastahili kuambiwa kwamba sauti yake ilizama katika onyesho la pili, au kwamba aliwapa watazamaji mgongo wakati wa kilele.

Naomba rasimu ya mwongozo huo ipelekwe kwa vikundi na kwa walimu wa sanaa kabla ya kupitishwa, tuijaribu katika maonyesho ya kawaida yasiyo na zawadi, na makosa yake yasahihishwe. Kikundi chetu kiko tayari kuwa hicho cha kufungua, kisichoshindana, katika shindano lolote litakaloijaribu.

Wako katika kazi ya sanaa,

Mwongozaji wa kikundi cha maigizo, Mbagala, Dar es Salaam

Nakala: Maafisa Utamaduni wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni