Wito wa Harambee: Vifaa vya Kupima Pumzi na Darasa la Mazoezi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tunaomba mchango wenu kwa ajili ya wanachama wetu ambao utando unaozunguka mapafu yao umekuwa mnene.

Utando huo una tabaka mbili nyembamba, moja juu ya pafu na nyingine ndani ya ukuta wa kifua, na katikati mna maji kidogo ya kuziwezesha kuteleza. Usaha, damu au kifua kikuu cha utando kikichelewa kutibiwa, kovu hujengeka na tabaka hugandana. Vumbi la asbesto nalo huleta hali hiyo, mara nyingi miaka 20 au zaidi baada ya kuvutwa. Pafu lenyewe laweza kuwa zima, ila limebanwa na gamba gumu na halitanuki. Mtu hupanda ngazi chache tu akaanza kuhema.

Dawa ya kuyeyusha kovu hilo haipo. Wachache hufaa kufanyiwa upasuaji wa kulibandua. Waliobaki wanahitaji kufuatiliwa na kufundishwa kuitumia vizuri pumzi waliyo nayo.

Eksirei huonyesha pembe ya chini ya pafu ilivyoziba, lakini haisemi pumzi imepungua kiasi gani. Ndiyo maana tunataka spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi. Anayepimwa huketi wima, huvuta pumzi hadi mwisho, hubana midomo kwenye mrija, kisha hupuliza kwa nguvu bila kukatiza mpaka pumzi iishe. Hupuliza angalau mara 3 sawasawa, na vipimo viwili vya juu visipishane zaidi ya mililita 150. Midomo ikivujisha hewa au mtu akiacha mapema, kipimo hutoka kidogo na mgonjwa huonekana amezidiwa bure. Mashine nayo hupotoka, hivyo usinunue spirometa ukaacha bomba la kusukuma hewa la lita 3 la kuihakiki kila siku ya vipimo. Vichujio vya mdomo ni kimoja kwa mtu mmoja, hakirudiwi. Mwenye dalili za kifua kikuu hapulizi kabla makohozi yake hayajapimwa.

Tunahitaji spirometa 1, bomba lake 1, vichujio 200, oksimita 4 za kidole (za kupima oksijeni ya damu), na koni 2 za kuweka njia ya mita 30 kwa kipimo cha kutembea dakika 6. Darasa lina watu 12, mara 2 kwa wiki kwa wiki 8, na mtaalamu wa tiba ya viungo lazima alipwe kwa vipindi vyote 16.

Linalotukosesha usingizi ni gharama za skani ya CT, picha ya kina inayoonyesha unene wa utando. Utando wenye vinundu, uliozidi sentimita 1 au uliolizunguka pafu zima hauwezi kusubiri, kwa kuwa huenda ni saratani. Fedha za kwanza zitakwenda huko.

Pesa zikabidhiwe mweka hazina, naye atatoa risiti. Anayetaka kutoa kifaa badala ya fedha atuulize kwanza aina yake, kwa sababu vichujio vya spirometa moja si lazima viingie kwenye nyingine.