Barua kwa mwanangu: ng'ombe wa babu kwenye karatasi ya A3

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Picha ya zizi la babu yako niliipokea juzi usiku, na nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyokueleza kwenye simu. Mbuyu umeuweka mahali pake, na yule ng'ombe aliyegeuza shingo anaonekana kweli amesikia mtu akija. Uliniomba niichape kwenye karatasi ya A3 ili siku ya harusi ya shangazi yako uikabidhi ikiwa ndani ya fremu, nami sikuichapa. Nilikuambia mashine ina kazi nyingi, jambo ambalo ni kweli, lakini sababu yenyewe ni ndefu na isingeelezeka huku wateja wakisubiri picha zao za pasipoti. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu mjomba wako alipokununulia kile kishikwambi umekuwa ukiniuliza uanzie wapi katika uchoraji wa kidijitali, na mara zote nimekujibu kwamba mimi sijui kuchora hata kikombe. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimesimama mwisho wa njia ambayo picha hizo hupita. Vijana huja hapa steshenari na kazi nzuri kwenye simu zao, na mimi ndiye ninayeziona zikiharibika zinapotoka kwenye mashine. Kwa hiyo nitakufundisha kwa kuanzia mwisho: kabla hujavuta mstari wa kwanza, amua picha itaishia wapi, kwa sababu mambo mengi yanayoharibika hapa kwangu yaliamuliwa kule mwanzoni, wakati mchoraji anafungua ukurasa mtupu bila kusoma namba zilizoandikwa.

Picha yako ilinifikia ikiwa na upana wa pikseli 1080, yaani vile vijinukta vya rangi vinavyounda picha, na urefu wa pikseli 1350. Kwa kioo cha simu zinatosha kabisa. Karatasi ya A3, lakini, ina upana wa milimita 297, yaani karibu inchi 11.7, na ukitandaza pikseli 1080 juu ya upana huo unabaki na nukta 92 kwa kila inchi, wakati sisi wachapaji, kwa picha itakayotazamwa kwa karibu, huomba 300. Pembe za ng'ombe ambazo umezichora kwa ustadi zingetoka na vingazi pembeni kama zimekatwa na msumeno. Andika namba hizi ndani ya jalada la daftari lako: A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, na A3 ni pikseli 3508 kwa 4961. Picha kubwa unaweza kuipunguza wakati wowote na isidhurike sana, lakini ndogo ukiikuza, programu hulazimika kukisia pikseli ambazo hukuzichora, na makisio hayo huonekana.

Usije ukaenda upande wa pili na kufungua ukurasa mkubwa kupita uwezo wa kifaa. Tabaka moja la ukubwa wa A3, lile ambalo vijana huliita leya na nitakalokueleza huko mbele, huchukua takribani megabaiti 70 za kumbukumbu likijazwa rangi, na kishikwambi kama chako kitaanza kusuasua, au programu yenyewe itakuzuia usiongeze matabaka. Kwa mazoezi ya kila siku tumia A4, ambayo ni nusu ya mzigo huo, na A3 uiweke kwa kazi unayojua itatundikwa ukutani.

Inawezekana pia kwamba uliichora kubwa na WhatsApp ndiyo iliyoibana, maana picha ikitumwa kama picha hupunguzwa. Ikiwa ndivyo, umesoma aya mbili bure, nisamehe. Tuma tena faili la asili kama nyaraka, si kama picha.

Sasa nije kwenye rangi, ambako mimi mwenyewe nilipata hasara. Miaka ile nilipoanza, niliwahi kuchapa kadi 200 za harusi ambazo rangi yake kuu ilikuwa buluu iliyokolea, na kwenye kompyuta iling'aa vizuri hata bi harusi alipokuja kuiona aliridhika. Kadi zilipotoka zilikuwa zimeelekea kwenye zambarau, zambarau ambayo hata mimi sikuweza kuibishia. Familia ilizikataa, na haki walikuwa nayo, kwa kuwa sikuchapa hata nakala moja ya majaribio. Nikazirudia zote kwa gharama yangu. Sababu yake ni kwamba kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine hutengeneza kwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Buluu kali, kijani kinachowaka na waridi la kumeremeta ndizo zinazoongoza kwa usaliti. Udongo mwekundu wa kwetu, majani makavu na ngozi za watu hutoka karibu na ulivyozipaka, kwa hiyo katika picha yako nina wasiwasi na anga tu. Itulize kidogo, na upunguze mwanga wa kioo unapochora, kwa sababu kioo kilichoongezwa mwanga hadi mwisho humdanganya mchoraji kwamba picha yake ina nuru, halafu karatasi ikitoka ina giza.

Kitu kimoja nilikifanya bila kukuambia. Niliichapa picha yako ndogo kwenye ile printa ya wino mweusi pekee tunayotumia kwa barua, na ng'ombe wa mbele akapotea. Mwili wake mwekundu na udongo mwekundu ulio nyuma yake vilikuwa na uzito mmoja wa weusi, vikaungana, zikabaki pembe peke yake zikielea juu ya vumbi. Kwenye kioo hukuliona hilo kwa kuwa rangi zilikuwa zikikusaidia kubahatisha. Fanya jaribio hilo mwenyewe kila baada ya muda: ondoa rangi zote picha ibaki ya kijivu, uitazame kwa dakika moja, kisha uzirudishe. Ikiwa kitu muhimu kimezama, ama ukiongezee mwanga ama ukitie giza kilicho nyuma yake.

Unakumbuka nilipokupeleka Kolo, kule Kondoa, ukiwa darasa la tano, ukalalamika kwamba umetembea juani kwenda kuona michoro iliyofifia? Michoro ile iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili kwa mkono mwaka 1951. Mingi ni ya rangi nyekundu tu juu ya mwamba, bila kivuli wala nywele za mkia zilizohesabiwa, na bado ulimtambua twiga kabla mwongozaji hajafungua mdomo. Umbo lake la nje lilitosha. Kwa hiyo, kabla ya kupaka rangi saba, jaza umbo zima la mnyama kwa rangi moja kwenye tabaka lake, umwite babu yako, umwulize ni nini. Akisema mbuzi, rudi kwenye umbo.

Kuhusu matabaka yenyewe, nimegundua kwamba picha yote uliichora kwenye tabaka moja, maana ulipofuta sehemu ya uzio ulifuta na udongo uliokuwa chini yake, ukaacha doa jeupe karibu na kwato. Matabaka ni kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga zilizopangwa moja juu ya nyingine. Weka rasimu kwenye la kwanza na uififishe, mistari safi kwenye la juu yake, rangi za msingi chini ya mistari, na kivuli kwenye tabaka lake peke yake. Manne au matano yanatosha. Yape majina, kwa sababu kuna kijana aliwahi kuniletea faili lenye matabaka zaidi ya thelathini yasiyo na jina, mteja wake akataka kofia ibadilishwe rangi, nasi tukaitafuta hiyo kofia mpaka saa mbili usiku.

Tabaka la kivuli liweke katika hali ya kuzidisha, ambayo kwenye menyu huandikwa Multiply, ili litie giza rangi za chini bila kuzifunika. Wewe umetumia nyeusi iliyopunguzwa nguvu, na ndiyo maana kuta za nyumba zinaonekana kama zimepakwa masizi. Kesho saa kumi alasiri simama mbele ya ule ukuta wa babu uliopakwa chokaa. Utaona kwamba upande wa kivuli umechukua ubuluu kidogo kutoka angani, na karibu na ardhi, kiasi cha kufika magotini, chokaa ina wekundu, kwa kuwa jua linapiga udongo na udongo unarusha rangi yake ukutani. Mchoraji wa mahali penye majani mabichi mwaka mzima hana wekundu huo wa kuuchora. Wewe unao bure.

Mistari yako ya uzio, niseme ukweli, imekaa kama nywele: vipande vifupi vifupi vilivyounganishwa kwa hofu. Yule fundi anayeandika maneno kwenye mabasi, mwenye kibanda mkabala na duka letu, nilimtazama Ijumaa akiandika herufi S ndefu kama mkono wangu. Aliegemeza ngumi ya kushoto kwenye bati, akaweka kifundo cha kulia juu yake, kisha akashuka kwa magoti, mwili mzima ukiifuata brashi, na herufi ikawa imekwisha kabla sijameza chai. Vidole havikusogea. Nawe ukitaka mstari mrefu, kuza ukurasa mpaka mstari huo ujaze kioo, uvute mara moja kutoka begani. Ukikosea, tendua na uvute tena. Kile kitufe cha kutuliza mkono kiweke katikati, kwani ukikipandisha hadi mwisho kalamu hukokota na mistari yote hufanana. Hiyo kalamu yako yenye ncha ya mpira haihisi mkandamizo, kwa hiyo usihangaike kutafuta kwa nini mstari hauneneki ukibonyeza. Badilisha ukubwa wa brashi kwa mkono, na utumie brashi mbili tu kwa miezi ya mwanzo, moja ngumu na moja laini.

Programu zisikusumbue. ibisPaint uliyo nayo inatosha. Ukipata kompyuta, Krita ni ya bure na ni nzuri kwa picha, na Inkscape, ambayo nayo ni ya bure, ni ya nembo, kwa sababu huchora kwa hesabu za mistari badala ya pikseli, hivyo nembo moja inaingia kwenye kadi na kwenye bango la barabarani bila kuharibika. Ile Procreate ya marafiki zako inahitaji iPad, na bei ya iPad unaijua.

Faili la kazi lenye matabaka lihifadhi siku zote, hata baada ya kukabidhi. Kwa kutuma picha ya kawaida aina ya faili iitwayo JPEG inafaa, lakini kila ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi upya hupoteza ubora kidogo. Kwa fulana toa PNG, aina nyingine ya faili, isiyo na rangi nyuma. Wiki iliyopita mteja aliniletea nembo ya JPEG, akashangaa kuona kiboksi cheupe kifuani kwa timu nzima. Picha ya mbuyu uliyotazamia kutoka intaneti usiinakili mstari kwa mstari ukaiita yako, kwani ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata kama hajajisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mibuyu hapo Mpwapwa huijui idadi yake; piga picha zako.

La mwisho amelisema babu yako, si mimi. Nilipomsomea simuni jinsi ulivyomchora yule dume wa mbele, aliniuliza pembe iliyovunjika ni ya upande gani, nikamwambia ya kulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema dume wake amevunjika ya kushoto. Nadhani uligeuza picha kama kwenye kioo cha kujitazamia ili uone makosa, jambo ambalo ni zoea zuri sana, kisha ukasahau kuirudisha. Kwa kuwa unaichora upya kwa A3, igeuze, umfanye dume aachane na udongo, utulize anga, na uache milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Faili litie kwenye flashi umpe konda wa basi la asubuhi, nami nitakwenda kuipokea stendi. Nitachapa kwanza nakala moja ya A4, ya majaribio.

Mama yako