Kwa Mwajuma: majibu yako ya mtihani

Leicester, Uingereza
20 Julai 2025

Mdogo wangu Mwajuma,

Assalaam aleykum. Wape Baba na Mama shikamoo zangu. Huku ni salama. Picha za karatasi zako za mtihani wa uchambuzi wa vyombo vya habari zimefika na nimezisoma zote. Nadharia unazijua kuliko alama ulizopewa zinavyoonyesha. Kinachokuangusha ni kwamba unamtaja mwananadharia, kisha unaendelea na maelezo yako bila kumpa kazi yoyote.

Tuanze na swali la pili, la Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na vyombo vya habari, maana ndilo lililokula alama nyingi. Kwake, msomaji, yaani anayepokea ujumbe, anaweza kuusoma kwa njia tatu: kuukubali, kuukubali nusu, au kuupinga. Wewe umeandika kwamba msomaji mpinzani ni yule asiyeelewa ujumbe. Sivyo. Katika andiko lake la mwaka 1973 kuhusu televisheni, Hall anasema mpinzani anaielewa vizuri maana iliyokusudiwa, ila anaikataa na kuufasiri ujumbe kwa mtazamo mwingine. Kutoelewa ni jambo jingine kabisa, na msahihishaji akikuta umeyachanganya hayo mawili, aya nzima inakosa pa kusimamia.

Mfano unao hapo hapo Ujiji. Chukua tangazo la kufunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tuseme mwalimu amelisikia redioni akasema ni sawa, samaki wazaliane: huyo amepokea maana kama ilivyotumwa. Mchuuzi wa migebuka akasema ziwa lipumzike kweli, lakini miezi mitatu ni mingi kwa mwenye ada za watoto: amekubali msingi, amepinga sehemu inayomgusa, basi yuko katikati. Mvuvi akasema tangazo hili ni la watu wasioishi kwa ziwa, linatubebesha sisi wenye mitumbwi lawama yote: huyo ndiye mpinzani, na kila neno kalielewa. Sasa eleza kwa nini kila mmoja kasoma hivyo. Anaishi kwa kazi gani? Anapoteza nini? Hiyo "kwa nini" ndiyo inayokosekana karibu katika majibu yako yote, nayo ndiyo uchambuzi wenyewe.

Kwenye swali la picha ya ukurasa wa mbele umerukia maana kabla ya kusema kinachoonekana. "Picha inaonyesha mamlaka" ni dai tupu. Anza na kilichopo: kamera iko chini inamtazama mtu aliye juu yake, mwili wake umejaza theluthi mbili za ukurasa, kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi nyekundu. Ndipo useme kila kimoja kinajenga maana gani, na kwa msomaji yupi. Roland Barthes, aliyeeleza jinsi picha na ishara zinavyobeba maana, aingie hapo, si kwenye utangulizi. Utangulizi wako umekula ukurasa mzima wa historia ya mawasiliano ambayo hukuulizwa. Sentensi tatu zinatosha.

Swali la nne lilisema "jadili". Wewe umeeleza. Lilitaka hoja za pande mbili, uzito wa kila upande, na msimamo wako. Tena humo umeitumia Sheria ya Magazeti ya 1976 kana kwamba ingali hai, wakati ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Swali la mwisho limekatikia njiani, na hapo ni muda tu. Mtihani ni wa saa tatu, dakika 180, kwa alama 100. Toa dakika 15 za kusoma maswali na kupanga hoja, toa 10 za kupitia, zinabaki 155. Kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 31. Zikiisha, acha nafasi, hamia swali linalofuata. Nusu ya kwanza ya jibu jipya huleta alama kwa urahisi kuliko kulipamba jibu la zamani.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, ni Septemba, muda upo. Andika upya swali la pili kwa mkono, dakika 31, saa ikiwa mezani, unipigie picha unitumie. Mwombe Mama asikutume popote muda huo.

Kaka yako,
Hamisi