Barua ya Wazi kwa Afisa Mifugo wa Wilaya: Ndama Wetu Wasichomwe Pembe bila Ganzi

Ndugu Afisa Mifugo,

YAH: NDAMA KUCHOMWA VISHINA VYA PEMBE BILA GANZI

Ninakuandikia kwa heshima inayoistahili ofisi yako, ingawa leo naishika heshima hiyo kwa taabu. Barua mbili nilizozileta kwa mkono wangu, moja mwezi Machi na nyingine mwezi Juni, zilipokelewa na kugongwa muhuri mbele yangu, na mpaka sasa sijapata jibu hata la mstari mmoja. Nisingeandika hadharani kama si yale yaliyotokea Alhamisi iliyopita pale joshoni.

Siku hiyo wataalamu wako walikuja na jiko la mkaa, vyuma viwili na kamba, kuwachoma ndama vishina vya pembe ili pembe zisiote. Tulikuwa na ndama 14. Wa kwangu, Sikitu, jike la wiki sita, alikuwa wa nne, na kichwa chake nilikishika mimi mwenyewe kwa sababu amenizoea. Chuma kilipogusa kishina cha kulia alipiga magoti ya mbele, ulimi ukamtoka, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa ndama mwenye njaa wala kwa ndama aliyepotezana na mama yake. Mkojo ulimtoka palepale. Kisha chuma kikarudishwa motoni, tukangoja kipate moto tena, naye akiwa amefungwa, ili achomwe upande wa pili.

Nilipouliza habari za ganzi, nilijibiwa kwamba dawa haipo, na kwamba hata ingekuwepo si lazima, kwa sababu ndama hushtuka tu, hasikii maumivu kama mtu. Yule kijana akaniuliza mbele ya wafugaji wenzangu: "Mama, nani amempima?"

Ndugu Afisa Mifugo, amepimwa. Swali hilo sikulala nalo. Nilimpigia simu binti yangu, ambaye anasoma tiba ya mifugo, akanieleza kwa saa nzima, na siku iliyofuata nikamrudisha kwenye simu anieleze upya, kwa sababu nilitaka kulileta jambo hili kwako nikiwa nimelielewa.

Kwanza, mnyama alipimwa umeme wa ubongo kabla ya mtu. Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, alitoa taarifa ya umeme hafifu alioukuta kwenye ubongo wa sungura na nyani, na ni mpaka mwaka 1924 ndipo Hans Berger wa Ujerumani alipoupima kwa binadamu. Pili, katika Chuo Kikuu cha Massey, Nyuzilandi, Craig Johnson na wenzake wamepima hilihili ninalolililia. Walimlaza ndama kwa usingizi mwepesi wa dawa, kiasi kwamba hateseki na kinachofanyika lakini ubongo wake bado unapokea habari kutoka mwilini, wakamchoma sindano nyembamba chini ya ngozi ya kichwa, na waya zikapeleka mawimbi ya ubongo kwenye mashine. Mawimbi hayo ni madogo mno, yanahesabiwa kwa sehemu za milioni moja za volti, lakini yanasomeka. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2007, ndama walipokatwa pembe bila ganzi, mawimbi yalibadilika: nguvu yake ikapungua, mwendo wake ukawa wa kasi zaidi. Wale waliozungushiwa ganzi kwenye shina la pembe kabla ya kukatwa hawakuonyesha badiliko hilo kwa namna ile. Ni ndama wa aina moja, chombo cha aina moja. Kilichowatofautisha ni sindano ya lignokaini, yaani dawa ya ganzi.

Binti yangu alinionya nisiseme zaidi ya kilichopimwa, nami namsikiliza. Ndama wale walikatwa kwa chombo cha kung'olea pembe, hawakuchomwa kwa chuma kama Sikitu, na walikuwa wamelala. Mashine haimwingii mnyama moyoni. Inachoonyesha ni kwamba habari ya jeraha imefika kwenye ubongo na ubongo umeipokea. Lakini hata kwa mtoto mchanga wa binadamu hatuna zaidi ya dalili za namna hiyo. Mpaka miaka ya 1980 watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakipasuliwa na madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa maelezo haya haya ya yule kijana wako, kwamba hawasikii. Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilipoandika upya maana ya maumivu, ilisema wazi kwamba kutoweza kusema hakuondoi uwezekano kwamba mtu au mnyama anaumia. Na Nyuzilandi kwenyewe, tangu Oktoba 2019, ni kosa kisheria kumwondolea ng'ombe pembe au vishina vyake bila ganzi.

Sisi nasi hapa Tanzania hatuko bila sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ipo, na inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Maumivu yanayoondolewa kwa mililita chache za dawa hayawezi kuitwa ya lazima.

Sipingi kuondoa pembe. Dada yangu alipigwa pembe ya ubavu na ng'ombe wake mwenyewe akiwa anakamua, najua kwa nini zoezi hili lipo. Ninachopinga ni kuachwa kwa lile uliloliahidi wewe mwenyewe. Katika mkutano wa wafugaji wa mwezi Novemba ulisimama ukasema, na katibu wetu akaandika, kwamba kabla ya zoezi la mwaka huu kila timu itakuwa na dawa ya ganzi. Tulikupigia makofi. Tulichangishwa fedha kwa kila ndama, na stakabadhi yangu ninayo. Sijui kama fedha haikutosha, au dawa iliagizwa ikachelewa. Nadhani zaidi kwamba hakuna aliyeiagiza, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni jambo la maana.

Tangu Alhamisi Sikitu ananyonya kwa kusitasita, anatikisa kichwa, anakisugua kwenye nguzo ya banda mpaka damu inatoka. Kidonda cha kulia kimeanza kutoa usaha. Mama yake ameshuka kutoka lita tisa hadi sita, nami naamini ni kwa sababu anamsikia mwanawe akilia usiku. Lita hizo tatu ndizo zilizokuwa zinalipa nauli ya mjukuu wangu ya kwenda shule. Nimenunua dawa ya kidonda kwa mkopo dukani. Usiku naamka na tochi kwenda kufukuza wadudu kwenye kidonda, na kila nikikigusa kichwa kile anarudi nyuma. Mimi, ambaye alikuwa ananifuata mpaka mlango wa jiko.

Ganzi yenyewe si kazi ngumu. Sindano inachomwa katikati ya kona ya jicho na shina la pembe, chini ya ukingo wa mfupa, mshipa wa fahamu unapopita. Unangoja dakika kumi hivi, unamchoma kidogo kwa ncha ya sindano uone kama anashtuka, ndipo unaanza. Ganzi ikiisha baada ya saa moja au mbili maumivu hurudi, kwa hiyo ni vema apewe na dawa ya kupunguza maumivu, ila hilo sikudai leo. Leo ninadai ganzi tu.

Zoezi la kata ya jirani limetangazwa kuwa Jumanne ijayo. Ninaomba chupa za ganzi ziwemo kwenye gari kabla halijaondoka ofisini kwako. Kama hazimo, zoezi liahirishwe. Mimi nitakuwepo joshoni tangu asubuhi, pamoja na katibu wetu na daftari lake la mwezi Novemba, na kabla ya ndama wa kwanza kufungwa kamba nitaomba kuonyeshwa chupa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye Sikitu