Jumamosi hii tunapima mishale

Hamjambo wanakikundi? Mpango umebadilika kidogo: Jumamosi hatutashindana, tutapima mishale. Tukutane saa tatu kamili asubuhi, uwanja wetu wa kawaida hapa Kasarani.

1. Njoo na mishale yako YOTE, hata ile iliyochoka, na uandike jina lako kwenye kila mmoja.
2. Mchango ni shilingi 300 kwa mweka hazina, M-Pesa, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ni za mizani ya gramu na chai.
3. Nani ana futi ya kupimia? Mbili zinatosha.

Kwa nini haya yote? Mwezi jana nililaumu upepo, kumbe mishale yangu ilipishana kwa zaidi ya gramu moja. Mzito huruka polepole na kutua chini ya wenzake. Usawa nao una mambo yake. Ulaze mshale kidoleni hadi utulie. Wangu ni sentimita 70 na hutulia sentimita 43 kutoka upande wa manyoya, yaani 8 mbele ya katikati, karibu asilimia 11 ya urefu wake. Kwa shabaha, 10 hadi 15 ni sawa. Ukipungua, mkia huyumba. Ukizidi sana, pua huinama mapema.

Na tafadhali, mshale mwepesi kupindukia huvunja upinde. Kwa upinde wa pauni 40 (nguvu ya kuuvuta, si uzito wake), usishuke chini ya gramu 13.

Jibu NAKUJA au SIJI kufikia Alhamisi usiku, nijue vikombe vingapi.