Udongo wenu, mawimbi yetu

Malindi, Julai

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, baba watoto na wanao nyote mu wazima huko Machakos, na baridi ya mwezi huu haijawazidi. Sisi huku twamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado wapika wali wa nazi ama umeshakuwa mtu wa muthokoi moja kwa moja.

Ama baada ya salamu, nina jambo ambalo haliingii katika ujumbe wa simu, ndiyo maana nimeshika karatasi. Nimeutembea ufuo wetu, kuanzia nguzo ya Vasco da Gama hadi mto Sabaki unapoingia baharini, nikiongozwa na kijana anayefanya kazi hiyo ya kutembeza wageni. Najua utashangaa: mzaliwa wa mtaa wetu wa Shella aongozwe mjini kwao? Walioomba ni wageni wangu wa Tanga, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nimepona kweli. Nilichoelezwa kuhusu mawimbi ya ghuba yetu kinakuhusu wewe huko uliko kuliko unavyodhani.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Siku tulichaguliwa na kijana mwenyewe. Alitaka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maana siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na mtu akianza mapema anatembea na bahari inayompisha. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa hiyo bahari imejaa na mnabaki kukanyaga mchanga mlaini wa juu mpaka miguu iwake moto. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo ufuo mnaouona saa kumi jioni si ule mliouona asubuhi. Tulikuwa sisi, wageni wangu, na mke na mume Waitaliano waliokaa Malindi muda mrefu, wanaosema Kiswahili chao bila haya. Kijana alikuwa akigeuka kwao kwa Kitaliano na kwetu kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko alikosema mambo marefu.

Pale kwenye nguzo hakuanza na Wareno. Alianza na upepo. Akatusimamisha tukiangalia kusini, akasema tuhisi shavuni: kusi hiyo. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, kusi inaanza kushika, akapewa rubani na mfalme wa Malindi, na kufikia Mei 20 akawa mbele ya Calicut. Waliporudi hawakungoja kaskazi, upepo wa kuwarudisha, ishike vizuri. Waliacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba wakahangaika baharini miezi mitatu, wakaja kuiona Malindi tena Januari 1499, watu wengi wamekufa kwa kiseyeye. Walioumwa walikuwa wakilia machungwa, na machungwa yalikuwapo Malindi. Nimepita mbele ya nguzo ile tangu utoto nikiijua kama mahali pa kupigia picha. Siku hiyo niliwaona mabaharia wenye fizi zinazovuja damu, na watu wetu wakiwapelekea matunda.

Kisha akatugeuza tuangalie bahari pande zote mbili, na hapa ndipo mambo yalipoanza kunikolea.

Ukisimama kwenye ncha ile, kusini kwako, kuelekea Casuarina na hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968, utaona mstari mweupe mbali na ufuo. Huo ni mwamba. Mawimbi yanaumukia kule, na ndani yake maji yametulia, watoto wanaoga. Kaskazini kwako, upande wa ghuba na mji, ule mstari haupo. Wimbi linakuja zima kutoka mbali na linaumuka karibu na mchanga, likifuatwa na jingine, na jingine. Siku zote nilidhani ndivyo bahari ilivyo tu, huku shwari na huku kali. Kijana akauliza: “Mama, mwamba wa upande huu umekwenda wapi?”

Hakutujibu papo hapo. Alituacha na swali hilo tukapita kanisa dogo la Wareno, tukapita soko la samaki ambako harufu iliwafukuza Waitaliano haraka, tukapita Jamia na yale makaburi yake ya nguzo, mpaka mji ukabaki nyuma. Yapo mengi ya kusema kuhusu kila mahali hapo, lakini wewe wapajua.

Tulipofika kwenye ufuo mpana akachota mchanga, akautandaza kiganjani juani. Ulikuwa unametameta. Ule ni ulanga, madini yanayong'aa, akasema, na ulanga hautoki baharini. Mchanga wa Watamu ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Huu wetu umetoka katika majabali ya bara, umeletwa na mto. Matumbawe yanataka maji safi, yenye chumvi, yanayopenywa na jua. Sabaki humwaga humu maji matamu na matope, na tope likishatua juu ya matumbawe huyaziba yakafa. Kwa hiyo mbele ya mto mwamba haukuota, na ghuba ikabaki wazi. Mawimbi marefu yanayozaliwa mbali kusini mwa Bahari Hindi, ambayo kwingine katika pwani yetu hupasukia mwambani, hapa hupita moja kwa moja. Yanapofika kwenye mafungu ya mchanga, kule chini yanasuguana na ardhi yakapungua mwendo, na kule juu yanaendelea, mpaka kina cha maji kinapokaribia mara moja na robo ya kimo cha wimbi. Hapo linaumuka.

Shoga, nilisimama pale nikiyatazama matope. Si unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiyalaani? Mvua zikinyesha bara, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, mahoteli yananuna, wageni wanahamia Watamu. Kumbe matope hayohayo ndiyo yaliyoifungua bahari. Julai na Agosti watu wanatoka mbali na mbao zao chini ya kwapa kuja kupanda mawimbi ya Malindi, na mawimbi hayo wasingeyapata kama mto ungekuwa safi tangu zamani.

Wapanda mawimbi tuliwakuta upande huo. Wageni walikuwa wachache, na katikati yao wavulana wa hapa, wengine na mbao za kweli zilizochakaa, wengine na kipande cha ubao wa kawaida wakikilalia kifudifudi. Nilimwona mmoja, hata miaka kumi na miwili sidhani kama ametimiza, akimwacha mgeni ahangaike na mawimbi matatu, yeye amekaa tu anatazama upeo. La nne likaja, akapiga mikono mara chache, akasimama. Alilipanda mpaka maji yakamfika kwenye vifundo. Wageni wangu wa Tanga wakapiga makofi. Nilijivunia mtoto ambaye simjui hata jina.

Kijana wetu akaeleza kwa nini alingoja. Mafungu ya mchanga hayakai mahali pamoja. Kusi huyasukuma, kaskazi huyarudisha, gharika ya mto hutengeneza mapya. Mpanda mawimbi wa hapa lazima aisome ghuba upya kila msimu, aone maji yanavunjika wapi. Wavulana hao wanaisoma kila siku wakienda kuvuta wavu wa juya na baba zao. Ni elimu kubwa hiyo, na inaniuma kwamba hakuna mtu anayeiita elimu.

Halafu akatufundisha jambo ambalo nataka uwafundishe wanao kabla hawajatia mguu majini. Mawimbi yakisukuma maji ufuoni, maji hayo lazima yarudi, na hurudi kwa njia moja, kwenye mfereji kati ya mafungu. Kutoka nchi kavu unaonekana kama uchochoro wa maji yaliyotulia, meusi zaidi, mawimbi yanavunjika kulia na kushoto lakini pale hayavunjiki, na povu linakwenda nje badala ya kuja ndani. Mgeni anaona pametulia, anaingia papo hapo, na mkondo unamchukua. Anayeshindana nao akiogelea kuja ufuoni huchoka, na uchovu ndio unaoua. Asishindane. Aelee, ainue mkono watu wamwone, aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka atoke kwenye uchochoro. Kisha mawimbi yenyewe yatamrudisha. Alitutaka kila mmoja wetu anyooshe kidole kuonyesha mkondo ulipo. Nilipouona wa kwanza, nikaona mwingine mbele yake, na mwingine. Tumekulia hapa, tumezika watu hapa, na hatukuwahi kusimamishwa tukaonyeshwa.

Kutoka hapo hadi mdomoni mwa mto ni mwendo mrefu, jua limeshapanda. Mji unakwisha, unabaki wewe na matuta ya mchanga na mimea inayotambaa juu yake. Hoteli za zamani zilizojengwa karibu na maji sasa ziko mbali nayo, maana mto haujaacha kuleta mchanga na nchi inazidi kuingia baharini. Wenye hoteli hawapendi kuwatembeza wageni mbali hivyo. Mimi niliona ajabu kukanyaga ardhi ambayo, marehemu babu alipokuwa kijana, mashua zilipita juu yake.

Na Sabaki penyewe! Maji ya udongo yanakutana na maji ya bahari na hayachanganyiki mara moja, yanabaki na mpaka unaouona kwa macho. Heroe walikuwepo kwenye kina kifupi, vichwa chini. Shakwe wengi, na ndege wadogo wa kahawia wanaotoka Madagaska miezi hii ya kusi. Viboko hatukuwaona, ila alama zao kwenye tope tulizikuta, na kijana akatuzuia kusogea kwenye mikoko. Wavuvi wanasema matope ndiyo yanayolisha kamba, na ndiyo maana kamba wa ghuba hii na ya Ungwana wana jina. Basi tope lile lina neema na lina balaa, vyote kwa pamoja, kwa sababu likizidi linasukumwa na mkondo kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi, na hayo tunayataka yaishi.

Sasa nisikilize, mwalimu. Niliuliza tope hili limetoka wapi hasa. Kijana akachora mchangani kwa kijiti: hapa ni sisi, Sabaki. Juu kidogo unaitwa Galana. Juu zaidi, kabla haujakutana na mto Tsavo, ni Athi, nao unaanzia huko kwenu, pembeni ya Nairobi, ukipita Ukambani. Mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Moyo ukanipiga. Shamba likikatwa miti kwenye mteremko wa Machakos na mvua ikalipiga, udongo wake ndio ule niliokuwa nimeukanyaga. Na yale matuta ya fanya juu uliyoniandikia kwamba wakulima wa huko hawalimi bila hayo, na kwamba wanafunzi wako hukuonyesha ya babu zao, nayo yanafika huku: kila mtaro unaozuia udongo unawaachia matumbawe ya Casuarina nafasi ya kupumua. Mto utaleta mchanga daima, mawimbi hayatakosa mafungu. Ile ziada ndiyo inayotumaliza, na ziada inatoka mashambani.

Ningependa wanafunzi wako walijue hili. Wanajifunza mmomonyoko wa udongo kama habari ya mahali ulipotoka, wanaona korongo basi. Waambie ulipofika. Waambie kuna mtoto Malindi amesimama juu ya udongo wa bibi zao, anapanda wimbi.

Tulirudi kwa bodaboda hadi barabara ya Garsen, tukapata tuktuk ya mjini. Kijana tulimlipa alichotaja, tukaongeza, na bado naona hatukumlipa vya kutosha. Anatamani kuandika anayoyajua lakini anasema hajui aanzie wapi. Nimemwambia nina shoga mwalimu.

Kwa hiyo shule zikifunga Agosti, njoo. Usiniletee habari ya nauli, panda basi la usiku, mimi nitakulaki stendi. Nimeshamuuliza, bamvua ya mwezi huo ataitafuta kwenye jedwali lake la maji na atatuwekea siku. Leta watoto wote, na kofia, maana kule kwenye mto hakuna kivuli. Viatu vya kufunga si lazima. Na kabla hujatoka, pita kwenye daraja la Athi, uniangalizie maji yana rangi gani wiki hiyo. Kijana anataka kujua.

Msalimie sana baba watoto.

Wako,
Mama Nuru