Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Kigoma

Ndugu wanachama,

Habari za ada na wanachama wapya zimo kwenye taarifa ya Katibu, sitazirudia. Swali lililotawala mwaka huu ni la tokeni (vipande vya kidijitali vinavyouzwa mtandaoni) na sarafu za mtandao zinazonadiwa kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Mwanga hadi Ujiji: je, kisheria ni dhamana kama hisa na hatifungani?

Sheria yetu ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, ni ya mwaka 1994. Bitcoin ilianza 2009. Basi msitafute jina la sarafu humo. Tazameni ahadi anayopewa mnunuzi. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Howey la 1946 lililohusu mashamba ya michungwa, iliweka maswali manne. Umetoa fedha? Zimeingia kwenye shughuli ya pamoja? Unatarajia faida? Faida hiyo itatokana na jasho la wengine? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilitumia kipimo hicho kwenye shauri la sarafu ya mtandao ya KeniCoin. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini kipimo chenyewe kinafaa.

Tukilete kipimo hicho hapa kwetu, Kibirizi. Tokeni inayobadilishwa kwa dumu la mawese la lita 20 lililopo ghalani ni malipo ya bidhaa. Muuzaji akisema tokeni hiyohiyo itapanda bei kwa kuwa wao wataongeza mashine za kukamulia, hapo anauza uwekezaji. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni ahadi. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliamua hivyohivyo kuhusu XRP, sarafu ya mtandao ya kampuni ya Ripple: mauzo ya moja kwa moja kwa taasisi yalikuwa ya dhamana, yale ya kwenye masoko ya mtandaoni hayakuwa.

Anayeuza dhamana kwa umma hapa nchini anatakiwa kuwa na waraka wa matarajio (prospectus, maelezo ya uwekezaji kwa mnunuzi) ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na dalali wake awe na leseni ya Mamlaka hiyo. Wengi hunaswa hapa. Wanaonyeshwa cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, namba ya TIN na leseni ya biashara ya halmashauri, vyote halali, na hakuna hata kimoja kinachoruhusu kuuza dhamana. Kabla ya kutuma hata shilingi, ulizeni CMSA kwa jina kamili la kampuni, si jina la sarafu.

Wengine hudai kwamba serikali imekwisha kuzihalalisha tokeni hizi kwa kuwa inazitoza kodi. Sivyo. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Haikumpa mtu yeyote leseni. Tena kodi hiyo hukatwa na mwenye jukwaa la mtandaoni la mauzo kwenye malipo yako. Ukiambiwa utume kwanza "kodi" kwa simu ndipo salio lifunguliwe, usitume: huyo ni tapeli, na salio unaloliona ni tarakimu tu kwenye kioo.

Kamati inapendekeza katiba iongezwe kifungu kinachozuia mfuko wa chama kununua tokeni yoyote ya uwekezaji isiyo na waraka ulioidhinishwa. Rasimu mnayo mikononi. Tutaipigia kura baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu.